Mgunga Ukijichora Wenyewe

Leo nataka tuzungumze habari za filamu, tena filamu ya aina ambayo kwetu haijazoeleka: filamu inayotengenezwa kwa majani, nyasi, maua na magome, bila kamera. Jani linalazwa juu ya mkanda, jua linafanya kazi yake, na jani lenyewe linaacha picha. Nimechagua kulileta jambo hili kwa watu wa wilaya za Tarime na Serengeti kabla ya wengine wote, na nina sababu.

Sidhani kama kuna mbuga iliyopigwa picha nyingi kuliko hii ya Serengeti tunayopakana nayo. Martin na Osa Johnson, mume na mke kutoka Marekani, walizunguka Kenya na Tanganyika na kamera zao, na mwaka 1928 filamu yao ya Simba ikaanza kuoneshwa kwao. Mwaka 1959 Profesa Bernhard Grzimek wa Ujerumani akatoa Serengeti darf nicht sterben, yaani Serengeti isife, na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Oscar. Mwanawe Michael hakuwahi kuiona tuzo hiyo. Ndege yao ndogo iliyopakwa milia ya pundamilia ilianguka Januari 1959 baada ya kugongana na tai, akafa, akazikwa ukingoni mwa Ngorongoro. Hugo van Lawick alipiga kambi Ndutu miaka na miaka, na alipofariki mwaka 2002 alizikwa hapohapo. Alan Root akawafuata nyumbu mwaka mzima. Kisha zikaja runinga kubwa za Uingereza na Marekani, na sasa kila mtalii ana simu inayoweza kupiga picha safi kuliko kamera ya Grzimek.

Hizo ni kazi za watu waliotoa maisha yao, na baadhi yao walitoa uhai. Lakini chukua yoyote kati ya filamu hizo, uitazame tena, na safari hii usimfuate simba. Fuata nyasi. Utakuta kwamba nyasi zipo ili simba apate pa kujificha, na mgunga upo ili jua lipate pa kuzama nyuma yake. Baada ya karibu miaka 100 ya kamera, mmea wa Serengeti bado haujapewa kazi yoyote isipokuwa kusimama nyuma.

Na wanasayansi walioishi huko mbugani wanatuambia hadithi tofauti. Ugonjwa wa sotoka ulipodhibitiwa kwa kuwachanja ng'ombe wa wafugaji, mwanzoni mwa miaka ya 1960, nyumbu nao wakapona. Mwaka 1961 walikuwa kama 250,000. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa wamepita milioni moja. Midomo yote hiyo ikala nyasi ambazo zamani zilikuwa zikikauka na kuungua. Moto ukapungua, na moto ulipopungua, miche ya migunga ikapata nafasi ya kuwa miti. Tafakari hapo, msikilizaji. Chanjo iliyodungwa kwenye ng'ombe wa mfugaji ndiyo iliyootesha misitu ndani ya hifadhi. Nchi anayoiona mtalii leo siyo ile aliyoirekodi Grzimek, na vilivyobadilika zaidi ni nyasi na miti. Filamu inayoutazama mmea kwa makini ingekuwa inatazama kiini cha Serengeti.

Sasa mbinu yenyewe. Katika miaka ya 2010 msanii Mholanzi anayeishi Uingereza, Karel Doing, alianza kuchapa mimea moja kwa moja juu ya mkanda wa filamu nyeusi na nyeupe. Njia hiyo anaiita fitogramu. Unachuma majani, unayaloweka katika maji ya moto yaliyochanganywa soda ya kufulia na vitamini C, kisha unayapanga juu ya ule upande wa mkanda uliopakwa dawa. Unafanya haya yote nje, mchana kweupe, chini ya jua. Chumba cha giza hakihitajiki. Mkanda ukiachwa juani hugeuka rangi polepole wenyewe, lakini pale jani lilipougusa mabadiliko yanakwenda mbali zaidi, na yanafuata mishipa ya jani, kingo zake, matundu aliyotoboa kiwavi, hata vinyweleo. Baada ya muda unayabandua majani, unaosha mkanda, unautia kwenye dawa iitwayo haipo ili picha isiendelee kugeuka, unaosha tena kwa maji mengi, unaanika.

Ukiupitisha mkanda huo kwenye projekta, unaona kitu ambacho jicho halijawahi kukiona: mishipa ya jani ikikimbia, ikigawanyika, ikikutana tena, inakuja na kupotea kwa kasi. Hakuna aliyeigiza na hakuna aliyeelekeza.

Kwa nini jani linaweza kufanya hivyo? Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo penye utamu. Wapiga picha wa zamani wa studio zetu za Musoma na Tarime wanajua kwamba mkanda hauwi picha mpaka usafishwe. Kwenye kusafisha kuna dawa inayozigeuza chembe za fedha zilizopigwa na mwanga kuwa nyeusi. Dawa hiyo ya dukani ni ya jamii ya fenoli, na fenoli zimejaa kwenye mimea. Tafuna pera bichi, au kipande cha gome la mgunga. Ulimi unakauka, mashavu yanakazana. Ule ukakasi ni tanini, na tanini ni fenoli. Ni hiyohiyo ambayo mafundi wa ngozi waliitoa kwenye magome ya migunga ili ngozi ya ng'ombe isioze. Maana yake ni kwamba mtoto wa Nyamongo aliyetafuna magome na matunda mabichi porini anajua tayari, kwa ulimi wake, ni mmea gani utachapa vizuri na upi utaacha kivuli hafifu.

Na mmea hauweki ukakasi ule kwa ajili yetu. Umeuweka kwa ajili ya twiga, swala, mbuzi, nzige na viwavi. Ni kinga yake dhidi ya kila anayetaka kuula. Kwa hiyo picha inayobaki juu ya mkanda imechorwa na silaha ya mmea. Filamu za wanyama hutuonesha twiga akila, na jani linatoweka mdomoni mwake. Hii inatuonesha upande wa jani katika ugomvi huohuo, na jani limeuandika lenyewe.

Lakini fenoli peke yake haifanyi kazi, inataka magadi. Nasema magadi kwa makusudi. Soda wanayonunua wasanii wa Ulaya madukani ni ndugu wa karibu sana wa magadi tunayopikia maharage na makande, kama yale yanayojikusanya yenyewe Ziwa Natron, mashariki mwa hifadhi. Ukiyakaanga magadi kwenye sufuria kavu yanakuwa makali zaidi na kufaa zaidi kwa kazi hii, ila sufuria hiyo isirudi tena jikoni. Maji ya majivu nayo yana ukali wa namna hiyo, ingawa hayatabiriki. Vitamini C huuzwa kwenye maduka ya dawa.

Kuna na kahawa. Mwaka 1995, kwenye chuo cha teknolojia cha Rochester, Marekani, mwalimu Scott Williams na wanafunzi wake waligundua kwamba kahawa ya unga ikichanganywa na soda inasafisha filamu. Waliofuata wakaongeza vitamini C. Kipimo kinachotumika sana leo ni lita moja ya maji, gramu 54 za soda, gramu 16 za vitamini C na gramu 40 za kahawa ya kuyeyuka, na mkanda unakaa humo kama dakika 15. Harufu yake ni mbaya, lakini picha ni nzuri. Na hapa watu wa Tarime wasinikasirikie: kahawa yenu ya arabika, ambayo kikombeni haina mpinzani, kwenye beseni la picha inashindwa na robusta, kwa sababu robusta ina asidi nyingi zaidi za jamii hiyohiyo ya fenoli. Robusta ni ya ndugu zetu wa Kagera, ng'ambo ya ziwa, na kiwanda cha kahawa ya kuyeyuka kiko Bukoba. Arabika ya Tarime itafanya kazi pia, ila itataka kipimo kikubwa zaidi. Majani ya mti wa kahawa nayo yanafaa kujaribiwa, maana hayo hayana bei sokoni na yapo mwaka mzima.

Tukiwa kwenye habari ya vitu vya nyumbani, hebu tuuangalie mkanda wenyewe umetengenezwa na nini. Watu wengi hudhani filamu ni plastiki tu. Mikanda ya zamani ilitengenezwa kwa selulosi iliyotoka kwenye pamba na miti. Juu ya selulosi kuna jelatini, na jelatini inatokana na mifupa na ngozi za ng'ombe. Ndani ya jelatini kuna chembe za fedha, madini ambayo mara nyingi hupatikana pamoja na dhahabu. Pamba, ng'ombe na madini. Ukimweleza mtu wa Mara kwamba hivyo vitatu vikikutana vinakuwa sinema, ana haki ya kuuliza kwa nini sinema imekuwa ikitoka mbali namna hii.

Halafu kuna kisa ambacho kila mfugaji anastahili kukisikia. Miaka ya 1920 kiwanda cha Kodak kilihangaika kwa sababu jelatini nyingine ilitoa filamu zenye kushika mwanga vizuri, na nyingine, iliyotengenezwa kwa njia ileile, ilitoa filamu zilizolala. Mwanakemia Samuel Sheppard akachunguza mpaka akafika kwenye chakula cha ng'ombe. Ng'ombe waliokula mimea ya jamii ya haradali walibaki na chembe za salfa zilizopita mpaka kwenye ngozi na mifupa, zikaingia kwenye jelatini, na hizo ndizo zilizoipa filamu wepesi wa kushika mwanga. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1925. Kwa maneno mengine, filamu za Hollywood za wakati huo zilitegemea magugu aliyokula ng'ombe malishoni. Mmea ulikuwa ndani ya filamu tangu zamani, umefichwa tu.

Historia ya kuutoa nje ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1842 Mwingereza John Herschel aliandika jinsi utomvu wa maua unavyopauka juani na kuacha picha kwenye karatasi. Njia hiyo mtoto yeyote anaweza kuijaribu leo kwa mchicha, rosela au manjano: paka karatasi rangi, weka jani juu, bana kwa kioo, acha juani saa kadhaa au siku kadhaa, inua. Mwaka uliofuata, 1843, Anna Atkins akaanza kutoa kitabu cha picha za mimea ya majini, kila mmea umelazwa wenyewe juu ya karatasi yenye dawa. Wengi wanakihesabu kuwa kitabu cha kwanza duniani chenye picha za namna hiyo. Kwa upande wa filamu, Mmarekani Stan Brakhage mwaka 1963 hakuwa na pesa za kununua mkanda. Akaokota mabawa ya nondo waliokufa kwenye taa, nyasi na vipande vya maua, akavibana kati ya tepe mbili angavu, akazipitisha kwenye mashine. Filamu hiyo, Mothlight, ni ya dakika chache tu na bado inafundishwa vyuoni. Mwaka 1981 akarudia kwa mimea ya milimani karibu na nyumbani kwake Colorado. Alitumia ile iliyokuwa jirani.

Na sisi? Kusafisha filamu hapa nchini si jambo geni. Kati ya 1935 na 1937 mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment uliweka makao Vugiri, kwenye milima ya Usambara. Filamu zaidi ya 30 zilipigwa na kusafishwa hukohuko, zikazungushwa kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda na mpaka Nyasaland. Zilikuwa filamu za kufundisha, aghalabu zenye mjuzi na mjinga, na shamba lilikuwa mahali pa kumwelekeza Mwafrika alime vipi. Kazi ya mkono na uso ilikuwa ya Mwafrika. Uamuzi wa picha ulikuwa wa wageni. Baada ya uhuru tukawa na Kampuni ya Filamu Tanzania, na mwaka 1985 ikaja Arusi ya Mariamu, ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, ambayo ilimpa mganga wa mitishamba heshima ambayo sinema haikuwa imempa. Karibuni zaidi, mwaka 2025, Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, alitoa L'Arbre de l'authenticité kuhusu kituo cha utafiti wa kilimo cha Yangambi, kando ya Mto Kongo, na sehemu ya simulizi akaupa mti uzungumze. Wapo pia wapiga picha wa wanyama walioisimamia mimea: Alan na Joan Root walitengeneza filamu nzima juu ya mbuyu, na mwaka 2005 Mark Deeble na Victoria Stone wakatoa nyingine juu ya mkuyu na nyigu wadogo wanaouchavusha. Nazitaja ili haki itendeke. Hata hivyo, hizo ni filamu juu ya mmea, zilizopigwa na kamera. Ninayoizungumzia leo mmea ndio unaoitengeneza.

Sasa nifike kwenye sababu niliyoahidi. Kwa nini Tarime na Serengeti?

Kwa sababu kazi hii haitaki mtu anayepita. Inataka mtu anayeifahamu nchi kwa mguu. Mwanahistoria Jan Bender Shetler alikusanya masimulizi ya wazee wa Nata, Ikoma, Ngoreme, Ishenyi na Ikizu, na mwaka 2007 akayatolea kitabu, Imagining Serengeti. Nchi ambayo mgeni anaiona kuwa pori lisilo na mtu, wazee wale wanaiona imejaa: mahame, njia za wawindaji, visima vya msimu wa kiangazi, mahali pa emisambwa, yaani mizimu ya mababu. Sehemu ya nchi hiyo iliingizwa ndani ya hifadhi ya taifa ilipoanzishwa mwaka 1951, na nyingine ndani ya mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti mwaka 1994. Watu wakahama, lakini mimea waliyoipanda haikuhama. Mstari wa minyaa katikati ya pori, au mkonge uliobaki peke yake, humwambia mzee kwamba hapa palikuwa na boma la mtu, na mara nyingi atakutajia la nani. Kamera ya kwenye ndege inaona vichaka tu.

Hebu fikiria filamu iliyochapwa kwa mimea ya mahame peke yake, ile iliyoko upande wa vijiji. Mnyaa, mkonge, mbono, tumbaku iliyojiotea. Kila mmea unapopita, mzee anasema nani aliupanda. Hiyo ingekuwa kumbukumbu ya ardhi yenye uzito kuliko ramani nyingi.

Kuna hesabu moja ninaipenda sana katika kazi hii. Mkanda wa milimita 16 hupita kwenye projekta picha 24 kwa sekunde, na picha 24 zinachukua karibu sentimita 18 za mkanda. Kwa hiyo jani lenye urefu wa sentimita 18, ukililaza kwa urefu, linaishi sekunde moja kwenye kitambaa. Unyasi wa mita moja, kama zile nyasi za wazi zinazogeuka nyekundu zikikomaa, ambazo wataalamu huziita Themeda triandra, unaishi sekunde tano na nusu. Ukitaka kuuchapa Mto Mara wote kwa mkanda uliolazwa ukingoni, kutoka chanzo chake Mau hadi Ziwa Victoria, kilomita zake 395 zingekuwa filamu ya siku 25, usiku na mchana bila kusimama. Hakuna atakayeifanya, lakini ukishaijua hesabu hiyo huwezi tena kuutazama unyasi bila kuuona kama muda.

Vifaa, basi. Mkanda mpya wa filamu ni ghali na unaagizwa nje, huo ndio ukweli. Lakini fitogramu haihitaji mkanda mpya. Mkanda uliopitwa na tarehe unafaa, na karatasi za picha nyeusi na nyeupe zilizopitwa na tarehe zinafaa vilevile. Waulizeni wazee waliokuwa na studio. Huenda kuna maboksi yaliyosahaulika juu ya kabati. Filamu za eksirei ambazo hazijatumika nazo zinachapa vizuri sana, na hospitali nyingi zimehamia mashine za kidijiti, hivyo zile za zamani hubaki stoo. Zinatolewa kwa kuomba kwa utaratibu, si kwa mlango wa nyuma. Ukiwa na karatasi au eksirei badala ya mkanda, kila kipande kinakuwa picha moja: kipige picha kwa simu juu ya mwanga, panga picha 12 kwa sekunde kwenye programu yoyote ya kuhariri, na mwendo unapatikana. Vijana 10 wa darasa moja, kila mmoja na vipande sita, tayari wana filamu ya sekunde tano waliyoifanya kwa mikono yao.

Mambo manne ya hadhari, nayo nayasema kwa uzito. Utomvu wa mnyaa unaunguza macho. Ushike kwa glovu na usimwachie mtoto. Haipo ikishatumika imebeba fedha, na fedha hiyo inaua vijidudu vya majini, kwa hiyo isimwagwe mtoni wala kisimani. Ikusanywe kwenye dumu, ipelekwe kwa wanaojua kuichuja. Watu wa Mto Mara hawahitaji kukumbushwa: Machi 2022 maji ya upande wa Kirumi yalipogeuka meusi na samaki wakafa, nchi nzima ilikuwa ikijadili nini kiliingia mtoni. La tatu, ndani ya hifadhi huchumi hata jani moja, sheria hairuhusu. Nyasi zilezile ziko upande wa kijiji, maana hazikuuona mpaka ulipowekwa, na huko nako unaomba ruhusa kwa mwenye shamba au kwa serikali ya kijiji. La nne ni la heshima. Miti ya emisambwa haichumwi kwa ajili ya sanaa bila idhini ya wazee wenye mahali pale, na dawa ambayo mama fulani anaijua kwa urithi haitangazwi jina lake kwenye kitambaa eti kwa sababu jani lake limetoa picha nzuri. Msanii anayeingia porini na kutoka na siri za watu atakuwa amefanya yale ambayo waliotutangulia na kamera walifanya.

Najua kuna msikilizaji anayeuliza: hii itauzwa wapi? Bongo Movie ina waigizaji, ina mapenzi, ina vilio, na bado watayarishaji wanalalamika. Nani atalipa kutazama majani? Ni swali la haki na sitalikwepa. Haitauzwa kama Bongo Movie. Filamu za aina hii zina maonesho yake, majumba ya sanaa, vyuo na matamasha, na pesa yake ni ndogo na huja taratibu. Lakini thamani ya kwanza naiona shuleni. Kemia ya sekondari inafundisha asidi na besi, inafundisha jinsi kemikali moja inavyoibadilisha nyingine, na shule nyingi zinafundisha kwa chaki tu kwa sababu maabara haina kitu. Hapa mwalimu ana magadi, ana majani, ana jua la saa sita mchana bila malipo, na somo linaisha na kitu kinachoonekana ukutani. Somo la baiolojia linaingia humohumo, la jiografia pia.

Wengine watasema haina hadithi. Wazee waliokaa wakimsikiliza mpiga litungu akichezesha nyuzi nane bila kuimba neno hawakuuliza hadithi iko wapi. Nami ningependa litungu liwe ndiyo sauti ya filamu hizi, pamoja na ile migunga midogo yenye vivimbe vilivyotobolewa na sisimizi, ambayo upepo ukipita inapiga mluzi. Sauti hiyo inarekodika kwa simu jioni yenye upepo, na haihitaji kibali cha mtu.

Kwa wale wenye nia, anzeni mvua za vuli zitakapotulia, majani yakiwa laini na machanga. Majani mazito yenye nta, kama ya mkaratusi, yanataka kupondwa kwanza na kulowekwa muda mrefu zaidi. Jaribuni mgomba, mhogo, mbono na alizeti pori ya kando ya barabara. Jaribuni gugu karoti, ambalo wakulima wanaling'oa kwa hasira, kwa glovu maana linawasha. Kama linaharibu malisho, basi angalau litufanyie kazi hii kabla ya kuchomwa. Jaribuni mafunjo ya mabondeni. Andikeni kila mmea ulichumwa wapi na lini, kwa sababu nyasi za Machi hazichapi sawa na nyasi za Agosti.

Na filamu ikishakamilika, msiipeleke kwanza Dar es Salaam wala Ulaya. Ombeni kibali cha kuonesha hadharani, tandikeni shuka jeupe Mugumu, kwenye uwanja au kwenye kibanda umiza siku isiyo na mpira, na viti vya mbele wapewe kina mama na wazee. Projekta ikianza watakuwa wakiita majina ya mimea inavyopita, kwa Kikurya, kwa Kiikoma, kwa Kingoreme, watabishana, mmoja atasema huo si mti huo, mwingine atasema ulikuwa unaota kwetu kabla hatujahama. Rekodini mabishano hayo yote. Yawekeni chini ya picha pamoja na litungu, halafu ichukueni filamu mkaioneshe Nata, na baada ya Nata, Nyamwaga.